Watoto Wetu Wakacheze Wapi?

Kila likizo inapofika, sisi akina mama tunaokaa katikati ya jiji la Dar es Salaam tunaulizana swali moja: watoto tuwapeleke wapi? Mama anayeishi ghorofa ya nne Mtaa wa Narung'ombe au Mtaa wa Sikukuu hahitaji kuelezwa shida yenyewe. Mtoto akikimbia chumbani, jirani wa chini anagonga dari kwa mpini wa ufagio. Akishuka ngazi, anatokea barabarani katikati ya mikokoteni, bodaboda na wapagazi wenye marobota kichwani. Basi anakalishwa mbele ya televisheni, au anapewa simu ya mama achezee, na nyumba inatulia. Utulivu huo tunaulipia usiku, mtoto ambaye hakuchoka anapokataa kulala.

Mwaka huu tuliamua kulitafuta jibu kwa miguu yetu wenyewe. Tulikuwa akina mama wanne na watoto saba, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Kwa Jumamosi tatu tulizunguka kutoka Kariakoo hadi Kivukoni, tukitazama kila mahali ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kugongwa na gari. Haya ndiyo tuliyoyaona, na haya ndiyo tunayokushauri, mama mwenzetu, kabla hujafunga kapu lako.

Uani Umekwenda Wapi?

Zamani Kariakoo haikuwa na shida hii. Jina lenyewe linatokana na Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza walipoweka hapa kambi ya wapagazi wao wa jeshi, walioitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa namna yao. Baadaye mtaa ulijaa nyumba za Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma uani. Uani ndiko kulikopikwa na kufuliwa, na huko huko ndiko walikocheza watoto wa wapangaji wote, wakitazamwa na mama yeyote aliyekuwepo. Mama mmoja akienda sokoni, mwingine alibaki akichambua mchele huku akiwaangalia wa kwake na wa mwenzake.

Nyumba hizo zimebomolewa moja baada ya nyingine. Mahali pake yamepanda maghorofa, chini maduka na juu makazi. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa wa Dar es Salaam kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Watu wameongezeka na uani umepungua, lakini mwili wa mtoto unadai yale yale uliyodai zamani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Linasema mtoto wa miaka mitatu au minne ajishughulishe kwa mwili walau dakika 180 kwa siku, na katika hizo dakika 60 ziwe za kukimbia na kuruka hasa. Kukaa mbele ya skrini kusizidi saa moja.

Sheria yetu nayo haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja wajibu wa mzazi, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo inataja haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Kwa hiyo mama anayetafuta kiwanja cha watoto asidhani anatafuta anasa.

Mambo Matano ya Kuangalia

Kabla ya kuondoka tulikubaliana maswali matano, tukayabeba kila mahali.

Kwanza, mama akiketi sehemu moja, anawaona watoto wote? Mahali penye kona nyingi, vibanda na maua marefu panapendeza kwa picha, lakini mama atashinda amesimama akiita majina.

Pili, kuna milango mingapi, nayo inatokea wapi? Mlango mmoja unaotokea kwenye uchochoro mtulivu ni bora kuliko uwazi wa pande nne unaotokea barabara kuu.

Tatu, kivuli kiko wapi saa nne asubuhi? Usitazame kivuli cha saa moja. Jua la Dar es Salaam linapanda haraka, na kivuli cha ukuta kilichokuwa kipana mlipofika kinaweza kuwa kimekwisha mkiwa bado mnakula maandazi.

Nne, mtoto akianguka, anaangukia nini? Swali hili ni kubwa kuliko yote, nasi tutalirudia.

Tano, maji ya kunawa na choo viko umbali gani? Mwenye mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba neno "mama, nataka kukojoa" halitoi muda wa kutafuta.

Hatukuuliza kama kuna bembea. Tuligundua mapema kwamba watoto wanaweza kucheza siku nzima pasipo na bembea, na kwamba bembea mbovu ni hatari kuliko kukosa bembea.

Mnazi Mmoja

Tulianza na mahali palipo karibu zaidi. Ukivuka Barabara ya Lumumba kutoka Kariakoo, umefika Mnazi Mmoja. Enzi za ukoloni serikali iliiacha ardhi hii wazi kwa makusudi, iwatenganishe Waafrika wa Kariakoo na wakazi wa Uhindini na wa upande wa baharini. Wale waliopanga mambo hayo wamekwisha kwenda zao. Ardhi waliyoiacha wazi ili kututenga, leo ndiyo inayotupa nafasi ya kupumua, na watoto wa pande zote mbili wanaweza kukutana hapo.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kelele za mji kupanda. Watoto wakubwa waliuliza kuhusu mnara wenye Mwenge wa Uhuru, tukawaeleza kwamba usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro nchi ilipopata uhuru. Maelezo yalichukua dakika tatu. Kisha wakataka kucheza, na hapo tukaona jambo lililotushangaza: watoto wetu wenye miaka minane na tisa hawakujua kucheza rede.

Mmoja wetu akavua viatu, akafunga khanga kiunoni, akaviringisha soksi kuukuu ndani ya mfuko kuwa mpira, akaingia katikati. Baada ya robo saa walikuwa wamejiunga watoto wengine watano tusiowafahamu. Baada ya rede ikaja kombolela, kisha kuruka kamba, na wadogo wakashikana mikono kuzunguka kwa ukuti. Hakuna aliyelipa kitu. Mahali pa wazi panahitaji michezo, nayo michezo hiyo tunayo sisi. Tusipowafundisha, kiwanja kitaonekana kwao kama uwanja mtupu wa kupita tu.

Tahadhari ni barabara. Mnazi Mmoja imezungukwa na barabara kubwa, zikiwemo Lumumba, Bibi Titi Mohamed na Uhuru, na mpira ukitoka, mtoto anaufuata bila kutazama. Chezesheni watoto katikati, mbali na kingo, na mama mmoja awe kipa wa upande wenye magari. Tena ulizeni kabla ya kwenda. Viwanja hivi vinatumika mara kwa mara kwa sherehe za kitaifa, mikutano na mikusanyiko ya dini, na siku kama hizo havifai kwa mtoto mdogo.

Kidongo Chekundu

Si mbali na hapo, upande wa Gerezani, ni Kidongo Chekundu. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 Rais Jakaya Kikwete alifungua hapo kituo cha michezo cha vijana kinachojulikana kama JMK Park. Kilijengwa kwa ushirikiano na kampuni ya umeme ya Symbion Power na klabu ya mpira ya Sunderland ya Uingereza, na kina viwanja vya nyasi bandia na vya mpira wa kikapu.

Hapa tunasema wazi: ni mahali pazuri kwa mtoto aliyekwisha kuanza shule ya msingi, hasa yule anayeupenda mpira mpaka anaupiga ukutani sebuleni. Kwa mtoto wa miaka miwili si mahali pake. Mpira uliopigwa na kijana wa miaka kumi na sita unaweza kumwangusha mtoto mdogo, naye kijana hana kosa, amekuja mazoezini. Jambo la kukumbuka ni kwamba nyasi bandia zinashika joto kali mchana kuliko nyasi za asili. Mtoto asikanyage pekupeku jua likiwa kali, na mama aziguse kwanza kwa kiganja.

Bustani ya Mimea na Makumbusho

Jumamosi ya pili tulipanda mwendokasi Barabara ya Morogoro, tukashuka Posta ya Zamani, tukatembea kwa Barabara ya Samora kuelekea mwisho wake wa mashariki. Huko, karibu na Mtaa wa Shaaban Robert, ndiko iliko Bustani ya Mimea. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, wakati Franz Stuhlmann alipokuwa akisimamia kilimo cha koloni, kwa ajili ya kujaribu mimea iliyoletwa kutoka nchi nyingine. Si kubwa. Lakini miti yake ni mizee, kivuli ni kizito, na inajulikana pia kwa tausi wanaotembea humo.

Yule mdogo wetu wa mwaka mmoja na nusu aliwekwa chini penye nyasi, akakunja miguu. Mama yake akamwinua na kumweka tena, naye akakunja tena, akalia. Dada yake wa miaka minne akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, nyasi zinauma?" Sote tulinyamaza kidogo. Watoto hao wamezaliwa ghorofani, wamejifunza kutambaa juu ya vigae na kutembea juu ya saruji, na hawakuwahi kuwa na sababu ya kukanyaga majani. Mama yao alikaa chini, akavua viatu vyake, akapitisha nyayo zake majanini taratibu. Ilichukua karibu nusu saa. Tulipokuwa tunaondoka, mtoto yule yule alilia kwa sababu tulimwinua.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, katika yote tuliyoyaona hatukupata mahali pazuri kuliko hapa. Hahitaji kuteleza wala kubembea. Anahitaji majani ya kuokota, mdudu wa kumfuata, mti wa kuukumbatia, na mama aliye karibu. Mfundisheni tu kwamba tausi hafukuzwi wala havutwi mkia, na kwamba tunda au mbegu isiyojulikana haiingii mdomoni. Bustani ya mimea ni mkusanyiko wa mimea ya kila namna, na si kila mmea ni wa kuchezea.

Jirani na bustani ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940. Makumbusho haya ndiyo yanayohifadhi fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Kuna kiingilio, na bei ya raia ni nafuu kuliko ya wageni. Watoto wakubwa walilitazama fuvu kwa adabu, lakini waliofurahi kweli walifurahia magari ya zamani yaliyotumiwa na viongozi wa nchi. Ushauri wetu ni kuanza na bustani, kisha makumbusho kwa saa moja tu, jua linapokuwa kali. Mtoto aliyekwisha kukimbia anaweza kutazama. Ambaye hajakimbia atakimbia humo ndani, na mlinzi atakuwa na kazi.

Kivukoni na Pantoni

Pale Barabara ya Kivukoni inapoelekea Magogoni kuna burudani ambayo haikujengwa kwa ajili ya watoto, nao wanaipenda kuliko zote. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, na meli kubwa za makontena zinapoingia zinapita karibu sana na nchi kavu. Meli ndefu kuliko mtaa mzima inasogea kimya, huku vyombo vidogo vya kuongoza meli vikiwa ubavuni. Watoto wetu walihesabu makontena mpaka wakachanganyikiwa. Familia zinazotoka ibadani Azania Front au Mtakatifu Yosefu, makanisa mawili yanayotazamana na bandari, zinaweza kushuka hapo na watoto wakiwa bado na nguo za Jumapili, na hakuna gharama ila karanga za kutafuna.

Kisha kuna pantoni. Safari ya kutoka Magogoni hadi Kigamboni ni ya dakika chache na nauli yake ni ndogo, lakini kwa mtoto wa miaka mitano ni safari ya baharini kamili. Tulivuka mara moja, tukanywa madafu ng'ambo, tukarudi. Walizungumza habari hiyo wiki nzima.

Hata hivyo, pantoni si mahali pa kuzubaa. Msivuke asubuhi mapema wala jioni, saa za watu kwenda na kutoka kazini. Chagueni saa nne au saa tano. Geti linapofunguliwa, watu husukumana, kwa hiyo acheni umati utangulie. Wachanga wabebwe mgongoni, wa miaka mitatu hadi sita washikwe kifundo cha mkono na si vidole, kwa maana vidole vinachopoka. Ndani ya chombo kaeni mbali na magari na mbali na ukingo.

Na Ufukweni Je?

Wengi watasema, "Lakini tuna bahari." Ni kweli, na Ufukwe wa Coco kule Oysterbay hauko mbali na mji. Mihogo yake ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili haina mpinzani. Mchanga ni kiwanja bora cha watoto ambacho hakijengwi na mtu. Ila bahari ina ratiba yake. Maji yanachukua kama saa sita kutoka kupwa hadi kujaa, na wakati wa bamvua tofauti ya kina inapita mita tatu. Mahali mtoto alipochimba shimo saa tatu asubuhi, saa sita panaweza kuwa na maji ya kumfunika. Ulizeni wavuvi au wauza mihogo maji yanakupwa saa ngapi, mwende wakati huo. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wa mtu mzima, na mtu mzima huyo asiwe na simu mkononi.

Viwanja vya Kulipia

Katika Jumamosi ya tatu tulitembelea sehemu zenye bembea, vyuma vya kuteleza na majumba ya upepo ya kurukia. Siku hizi ziko kwenye mahoteli, migahawa na baadhi ya maduka makubwa. Baadhi ni nzuri kweli. Mahali pamoja, ambapo hatutapataja, palitupendeza tangu mlangoni: rangi nyekundu na njano, muziki, na wahudumu wenye tabasamu. Watoto walikwisha vua viatu. Tukalitazama swali la nne. Chini ya chuma cha kuteleza, kilichozidi kimo cha mtu mzima, palikuwa na saruji tupu.

Tulimwuliza mhudumu, akajibu kwamba watoto wamezoea. Tuliwavisha viatu tukaondoka. Walilia mpaka kituo cha daladala, na mmoja akatuambia kwamba sisi ni wabaya. Tuliyapokea maneno hayo. Mama anayeogopa machozi ya mlangoni anaweza kukutana na machozi ya hospitali.

Basi jifunze kupima. Wataalamu wa usalama wa viwanja vya watoto nchini Marekani wanashauri kwamba chini ya kifaa chenye kimo cha mita 1.2 kuwe na mchanga mlegevu wenye kina cha sentimita 23. Huna haja ya kubeba futi. Sentimita 23 ni kama shibiri moja. Chomeka mkono wako mchangani hapo bembea inaposhukia, maana ndipo miguu ya watoto inapouchimba. Kama vidole vinagonga udongo mgumu kabla mchanga haujafika nusu ya kiganja, mchanga huo ni pambo tu.

Ukishapima mchanga, tikisa nguzo. Isicheze. Tazama minyororo na ndoano kama imelika, na boliti kama zina vichwa vilivyochomoza. Weka kiganja kwenye chuma cha kuteleza; kama hukivumilii, ngozi ya mtoto haitakivumilia. Bembea za watoto wachanga ziwe mbali na za wakubwa, kwa sababu bembea inaweza kumgonga mtoto anayepita mbele yake. Katika majumba ya upepo, wadogo na wakubwa wasiruke pamoja, na mwuliza mhudumu kama anaruhusu zamu kufuata umri. Akisema hapana, subirini nje.

Jambo jingine ni matairi. Sehemu nyingi zinatumia matairi kuukuu kuwa viti na bembea, nayo ni mazuri, lakini yanashika maji ya mvua. Maji hayo ndiyo makazi ya mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyozuka jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu huyo anauma mchana. Tairi zuri la kuchezea limetobolewa chini. Ukiona maji yamesimama ndani, mwambie mwenye mahali.

Wakati na Kapu

Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri zaidi kwa matembezi, kwa kuwa joto limepungua na mvua za masika zimepita. Wakati wa masika epukeni viwanja vya Bonde la Msimbazi kule Jangwani, ambako mafuriko si jambo geni. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ulioanza kupata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, una mpango wa kuweka bustani ya jiji hapo, nasi tunaisubiri kwa hamu. Kwa siku ya kawaida, ondokeni mapema mrudi saa nne na nusu, au mtoke saa kumi jioni mrudi kabla ya magharibi.

Kapu lenu lisiwe zito. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani. Chukueni mkeka, khanga mbili, kitambaa chenye maji, nguo moja ya kubadili kwa kila mdogo, kofia, na chakula kisichoharibika kwa joto: maandazi, chapati, ndizi, machungwa. Sambusa za nyama na wali wa nazi viacheni nyumbani, vinachacha upesi. Kabla ya kutoka, andika namba yako ya simu kwa kalamu kwenye mkono wa kila mtoto, ndani ya kiwiko. Wavalishe rangi moja. Sisi tuliwavalisha watoto wote fulana za njano, na hata katika umati wa Magogoni tuliwahesabu kwa kupepesa jicho. Kila mtoto aliyejua kusema alifundishwa maneno mawili ya kumwambia mtu akipotea: jina la baba yake na jina la mtaa wetu.

Na akina baba wasiachwe. Mzee wa nyumba anayesema Jumamosi ni siku yake ya kupumzika aambiwe kwa upole kwamba watoto wakienda na mama, yeye atapumzika kweli. Jumamosi inayofuata zamu ni yake. Atakapoona mwanawe akiita, "Baba, nitazame!" kutoka juu ya mti, huenda asihitaji kukumbushwa tena.

Kwa Kumalizia

Tukiulizwa tuchague, tunasema hivi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apelekwe Bustani ya Mimea. Wa miaka mitatu hadi sita aende Mnazi Mmoja asubuhi mapema, mama akiwa tayari kucheza naye. Wa miaka saba na kuendelea afike Kidongo Chekundu. Familia nzima, pamoja na bibi, ikakae Kivukoni kutazama meli. Penye kulipia, mama atangulie peke yake siku ya kazi, apime kwa shibiri, ndipo awaambie watoto. Mtoto ambaye hajaahidiwa hana cha kulilia.

Mwisho, tazameni mtaani kwenu. Karibu kila mtaa una kipande cha ardhi cha wazi, hata kama leo kimejaa magari mabovu na mifuko. Akina mama watano wakienda pamoja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kuuliza kwa heshima kipande hicho ni cha nani na kimepangiwa nini, swali lao litaandikwa. Wakirudi mwezi unaofuata na majembe na mafagio, litajibiwa upesi zaidi. Mahali ambapo watoto wanacheza kila Jumamosi, kila mtu anapajua kuwa ni pa watoto, na atakayetaka kupachukua atalazimika kutueleza kwanza sisi.